Ganda Lisifiche Kilichomo: Kupika Kambamiti wa Karanga na Nazi Nyumbani

Mazungumzo na walaji wa Makuyuni, Wilaya ya Korogwe, Mkoa wa Tanga



 Leo hatukuja na orodha ndefu ya sheria. Tumekuja kuzungumza juu ya pishi moja: kambamiti waliovikwa karanga au korosho pamoja na nazi, kisha wakakaangwa hadi ganda la nje likawa la rangi ya dhahabu. Pishi hili limezoeleka katika hoteli za pwani, na sasa linaingia majumbani, hasa siku za sikukuu, ndoa na ugeni. Nasi hatuoni sababu ya kuliacha libaki hotelini. Kambamiti huvuliwa Pangani, Kipumbwi na kwingineko katika pwani yetu. Nazi hushuka sokoni kutoka Pangani na Muheza. Karanga na korosho ni vyakula tuvijuavyo tangu utotoni.

Tumelichagua pishi hili kwa sababu moja. Ni pishi linalofunika. Samaki wa kuchoma huonekana alivyo, na mchuzi hujitangaza kwa harufu yake. Lakini kambamiti akishavikwa karanga, nazi na viungo, mlaji haoni rangi ya nyama, hanusi harufu yake, wala hajui karanga zilizosagwa zilikuwa nzima au zilikuwa na kuvu. Kwa hiyo uamuzi wote wa usalama hufanyika kabla ya kuvika: sokoni, juu ya ungo na mezani pa kuandalia. Wengi wetu huamini kwamba moto wa mafuta husafisha kila kitu. Moto huua vijidudu vingi, lakini haurudishi uzima wa nyama iliyooza, hauondoi sumu iliyokwisha kuingia ndani ya karanga, wala haumlindi mgeni ambaye mwili wake haupatani na kambamiti. Hayo matatu ndiyo kiini cha mazungumzo yetu.

Kununua kambamiti mbali na bahari

Makuyuni si pwani. Kambamiti anayefika hapa amesafiri kwa gari, pengine kwa pikipiki, na amepita mikono ya wachuuzi kadhaa katika joto la tambarare hii iliyo chini ya milima ya Usambara. Nyama ya kambamiti huharibika upesi kuliko ya samaki wengi, kwa kuwa kichwani mwake mna viungo vya kusagia chakula ambavyo, akishakufa, huanza kuilainisha nyama yake mwenyewe. Kinachozuia hali hiyo ni barafu. Kipimo kinachofaa katika nchi za joto ni kilo 1 ya barafu kwa kila kilo 1 ya kambamiti. Basi mchuuzi anapofungua deli lake, tusitazame kambamiti kwanza, tutazame barafu. Ikiwa yamebaki maji ya uvuguvugu ambamo kambamiti wanaelea, tumekwisha kupata jibu.

Baada ya barafu tutumie pua, macho na vidole. Kambamiti mzima hunukia bahari. Aliyeharibika hutoa harufu kali inayochoma pua. Gamba lake hushikamana na nyama, na kichwa hakichomoki kwa kuguswa tu. Nyama ni ngumu na ikibonyezwa hurudi. Isiwe laini kama uji, wala isiwe na utelezi. Kuhusu weusi unaoonekana kichwani na kwenye viungo vya gamba, tuseme wazi: weusi huo ni kama ule wa ndizi iliyokatwa ikaachwa, si sumu kwa wenyewe. Lakini ni ushahidi kwamba muda umepita. Weusi ukiambatana na harufu au ulaini, tusinunue.

Na hapa tunaomba tuagane na desturi moja. Wapo wanaoosha kambamiti wenye harufu kwa ndimu na chumvi, harufu ikapungua, wakaendelea na mapishi. Ndimu ni kiungo kizuri, lakini kazi yake hapo ni kuificha harufu iliyotaka kutuonya. Wahenga walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Fungu lenye kambamiti wachache wanaonuka ni fungu la kuachwa lote.

Tuangalie na fedha zetu. Kambamiti auzwe kwa mizani, na mizani iwe na alama ya kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo. Tumwombe mchuuzi achuje maji na kuondoa barafu kabla ya kupima, kwa maana hakuna aliyekuja sokoni kununua maji kwa bei ya kambamiti. Tukumbuke pia kwamba kilo 1 ya kambamiti wenye vichwa na magamba hutoa takriban nusu kilo ya nyama. Ndiyo maana bei ya kilo ya waliomenywa ikizidi maradufu ya bei ya kilo ya wazima, ni nafuu kununua wazima na kuwamenya wenyewe. Na vichwa vya kambamiti wazuri vikichemshwa na kuchujwa hutupa supu ya kupikia wali.

Anayenunua waliogandishwa katika pakiti asome lebo: uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na jina la mtengenezaji. Pakiti yenye mabonge makubwa ya barafu ndani mara nyingi imewahi kuyeyuka na kugandishwa upya. Mwenye pumu asome zaidi, kwani baadhi ya kambamiti hutiwa kemikali za jamii ya salfaiti ili wasiwe weusi, na kemikali hizo zaweza kuamsha pumu. Nyumbani, waliogandishwa wayeyushwe ndani ya jokofu au katika maji baridi wakiwa ndani ya mfuko uliofungwa. Wasianikwe juani, na wakishayeyuka wasirudishwe kugandishwa.

Asiyepata kambamiti wa kuaminika asikate tamaa. Minofu ya perege wabichi, ikikatwa vipande vya upana wa vidole viwili, huvikwa ganda hilihili na kukaangwa vivyo hivyo. Mezani, perege mzima ana heshima kuliko kambamiti aliyechina.

Karanga, korosho na nazi

Sasa tuje kwenye ganda lenyewe, ambako hatari yake haina harufu.

Karanga zisipokaushwa vizuri, au zikihifadhiwa mahali penye unyevu, huota kuvu, na baadhi ya kuvu hao hutengeneza sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii haionekani kwa macho. Kwa kiasi kikubwa huua kwa kuharibu ini. Kwa kiasi kidogo kinacholiwa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya ini. Afrika Mashariki inaijua kwa uchungu. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, watu 317 waliugua na 125 walifariki. Mwaka 2016, hapa kwetu Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliofariki walikaribia 20. Katika misiba hiyo miwili chakula kilichobeba sumu kilikuwa mahindi, lakini karanga nazo ni miongoni mwa mazao yanayoshambuliwa sana na kuvu haohao. Ndiyo maana viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu karanga kuwa na zaidi ya mikrogramu 10 za sumukuvu katika kila kilo, na kati ya hizo, aina ya B1, iliyo kali kuliko zote, isizidi mikrogramu 5.

Jambo ambalo tungependa kila mmoja aondoke nalo ni hili: sumukuvu haiishi kwa kukaanga. Mafuta ya kukaangia kambamiti hufikia nyuzi 170 hadi 180 za Selsiasi. Sumu hii huhimili joto kali kuliko hilo. Kinga iliyo mikononi mwa mlaji ni kuchagua.

Kwa hiyo tununue karanga nzima, tusinunue zilizokwisha kusagwa. Karanga zilizosagwa hazina ushahidi. Nzuri na mbovu zimekuwa unga mmoja. Nyumbani tuzimwage juu ya ungo, mahali penye mwanga, tuondoe zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zilizotobolewa na wadudu, zilizovunjika na zenye ukungu. Baada ya kuzikaanga kidogo na kupeta maganda, tuchague mara ya pili, kwa kuwa ngozi nyekundu huficha madoa. Yenye ladha chungu itemwe, na fungu lake lichunguzwe upya. Kuchagua hakuondoi sumu yote, ila hupunguza sehemu kubwa, kwa sababu sumu hujikusanya zaidi katika punje chache zilizoharibika. Punje hizo zisitupiwe kuku wala ng'ombe. Sumu yake yaweza kurudi kwetu kupitia mayai na maziwa. Zifukiwe. Korosho nazo zichaguliwe vivyo hivyo, ingawa bei yake hutushawishi tusitupe hata moja.

Nazi huhukumiwa kwa njia tuzijuazo: itikiswe isikike maji, isiwe na ufa, na macho yake yawe makavu bila ukungu. Ikivunjwa, nyama iwe nyeupe na harufu iwe tamu. Nazi iliyochacha haifai hata ikitiwa sukari.

Na hapa tunaleta pendekezo la uchumi wa nyumbani. Vitabu vingi vya mapishi huagiza nazi kavu ya pakiti. Sisi tunayo machicha. Tukikuna nazi kwa mbuzi na kukamua tui, machicha yanayobaki mara nyingi huishia kwa kuku. Yakikamuliwa vizuri na kukaushwa siku hiyohiyo katika kikaango kikavu, kwa moto mdogo, huku yakikorogwa, hutoa ganda zuri. Na kwa kuwa mafuta yake mengi yamekwenda na tui, hayaungui upesi kama nazi ambayo haijakamuliwa. Tui nalo hutupa mchuzi wa kuchovea. Nazi moja imefanya kazi mbili.

Mapishi yenyewe

Kwa watu watano au sita tunahitaji kambamiti wazima kilo 1, karanga au korosho zilizochaguliwa gramu 100, machicha yaliyokaushwa ya nazi moja kubwa, unga wa ngano nusu kikombe, mayai 2, chumvi kijiko kidogo 1, pilipili manga nusu kijiko, vitunguu saumu punje 3 zilizopondwa, ndimu 1, na mafuta ya kupikia nusu lita.

Tuoshe mikono kwa sabuni. Tutoe vichwa na magamba, tukibakiza mkia kwa ajili ya kushikia. Kwa ncha ya kisu tupasue mgongo na kutoa mshipa mweusi, ambao ndio utumbo. Tuoshe kwa maji safi, tuchuje, tukaushe kwa kitambaa kisafi; kambamiti mwenye maji hukataa kushika ganda, naye hurusha mafuta. Tumpake chumvi, kitunguu saumu, pilipili manga na matone ya ndimu, tumweke mahali pa baridi kwa dakika 15, bila kuzidisha, kwani ndimu ikikaa muda mrefu huikaza nyama.

Karanga tuzitwange kinuni kwa mapigo mepesi hadi ziwe chembe ndogo. Tukizidisha zitatoa mafuta na kushikana. Tuchanganye na machicha, sehemu moja kwa moja. Kisha tupange vyombo vitatu: unga, mayai yaliyopigwa, na mchanganyiko wa karanga na nazi. Kila kambamiti apite kwenye unga, akung'utwe. Apite kwenye yai. Kisha abonyezwe katika mchanganyiko pande zote. Tuwapange katika sinia bila kuwarundika, wapumzike dakika 10 ili ganda lishike.

Mafuta yawe ya chombo chenye lebo. Mafuta yaliyokwisha kuwa meusi, yanayotoa povu au moshi mapema, yametumika kupita kiasi. Tuyapashe kwa moto wa wastani, tudondoshe chembe ya ganda: ikizama na kukaa, bado, ikipanda na kuchemka mara moja, yako tayari, ikiwa nyeusi papo hapo, tupunguze mkaa. Tukaange wachache wachache, dakika 2 hadi 3 tu, tukiwageuza mara moja. Nazi na karanga huungua haraka, na ganda lililoungua huku nyama ikiwa mbichi ni kosa la moto mkali. Tumkate mmoja wa kwanza katikati: nyama iliyoiva ni nyeupe isiyopitisha mwanga, yenye wekundu mwepesi kwa nje. Kambamiti aliyeiva hujikunja kidogo; aliyejiviringa na kuwa duara amepitiliza na atakuwa mgumu.

Mafuta yakiwaka moto, tusimwage maji kamwe. Tufunike karai kwa mfuniko, kisha tuondoe chanzo cha moto. Watoto wakae mbali na jiko muda wote.

Kwa mchuzi wa kuchovea, tuchemshe tui zito kwa moto mdogo pamoja na kitunguu saumu na pilipili mbichi, tukikoroga lisikatike. Likishaepuliwa, ndipo tutie ndimu na chumvi. Pishi hili hupendeza kwa wali, kwa mihogo ya kuchemsha, hata kwa ugali. Mchele mmoja, mapishi mengi.

Kisu, ubao na sinia vilivyogusa kambamiti wabichi na mayai visirudi mezani kabla ya kuoshwa kwa sabuni na maji moto. Mchanganyiko uliobaki baada ya kuvika utupwe, maana umegusana na vibichi. Kambamiti waliopikwa wasikae nje zaidi ya saa 2, na katika joto kali la mchana zaidi ya saa 1. Anayepikia shughuli kubwa akaange kwa awamu, wageni wakila, badala ya kukaanga alfajiri na kugawa alasiri.

Mgeni aambiwe anachokula

Tumefika kwenye jambo ambalo wengi huliona dogo. Katika pishi hili moja mna vyakula vitano ambavyo kwa baadhi ya watu huleta mzio: kambamiti, karanga, korosho, mayai na ngano. Mwenye mzio anaweza kuwashwa midomo na koo, kuvimba uso, kutokwa na vipele, kutapika, kukosa pumzi na kuzirai, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Hili si dekeo, wala si uchawi, wala si dharau kwa mpishi. Anayeonyesha dalili hizo, hasa ya kushindwa kupumua, apelekwe kituo cha afya bila kusubiri dawa za nyumbani.

Kwa kuwa ganda linafunika, mwenyeji na aseme. Kabla ya sahani kupita, itangazwe: hawa ni kambamiti, wamevikwa karanga na nazi. Kumwandalia mwenye mzio vipande vya kuku visivyo na ganda si msaada ikiwa vimekaangwa katika mafuta yaleyale; vikaangwe kwanza, katika mafuta mapya. Na mgeni anayesema "hiki sili" asishurutishwe kwa jina la ukarimu. Ukarimu wetu wa Tanga unajulikana; haupungui kwa kumuuliza mtu hali yake.

Haki na wajibu wa mlaji

Ndugu walaji, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Mizani inasimamiwa na Wakala wa Vipimo. Lebo ya uongo na udanganyifu katika biashara ni mambo yanayoweza kufikishwa mbele ya Tume ya Ushindani, kwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Aliye karibu nasi kuliko wote ni afisa afya wa kata. Ukinunua chakula kilichoharibika, tunza risiti, pakiti na sehemu ya chakula chenyewe kikiwa baridi, andika tarehe na mahali, kisha toa taarifa. Lalamiko lenye ushahidi hushughulikiwa. Lalamiko la barazani humalizikia barazani.

Nao wachuuzi si maadui zetu. Wengi huamka usiku kuufuata mzigo pwani, na barafu ni gharama. Mlaji anayedai barafu, akakubali kumlipa haki yake yule anayeiweka, humpa mchuuzi mwaminifu sababu ya kuendelea kuwa mwaminifu. Mlaji anayekimbilia kilicho rahisi bila kuuliza humfukuza sokoni. Soko la Makuyuni litauza kile ambacho Makuyuni inakubali kununua.

Basi twende tukapike. Tuwape watoto wetu kambamiti wenye ganda linaloita kwa harufu, huku tukijua kilichomo ndani: nyama iliyokaa kwenye barafu, karanga zilizopita kwenye ungo, nazi iliyokunwa siku hiyohiyo. Tahadhari ni kabla ya hatari, na katika pishi hili tahadhari ni kabla ya ganda.